Mashine ya kahawa otomatiki inatoa nusu kikombe, maji mengine yanaishia kwenye trei. Tatizo ni nini?

#1 kikombe_kimoja
Habari wakuu. Nina mashine ya kahawa hizi otomatiki za nyumbani, unabonyeza inasaga yenyewe inapika yenyewe, sasa imeanza vituko. Naagiza kikombe kizima napata nusu, tena chepesi, halafu trei ya chini inajaa haraka ile mbaya, zamani nilikuwa naimwaga baada ya siku mbili tatu sasa hivi asubuhi moja tu imejaa. Machicha yalikuwa yanatoka makavu kama biskuti, siku hizi uji. Haioneshi kosa lolote, taa zote shwari. Ina miaka minne. Nimeshaitoa chokaa mara mbili wiki hii na hamna mabadiliko, sana sana naona imezidi. Mi nahisi pampu imechoka. Nani kapitia hii kabla sijaifungua?

#2 bisibisi_bapa
Pampu hiyo. Miaka minne imejitahidi, weka nyingine.

#3 mzee_wa_mita
@bisibisi_bapa usimtie mtu hasara mkuu. Pampu iliyochoka itamwagaje maji kwenye trei? Hizi mashine hazijui kikombe chako kimejaa au la. Zinapima maji kule mwanzo, yakitoka tu kwenye tangi kuna kidude kina kigurudumu chenye sumaku, maji yakipita kinazunguka, sensa inahesabu mizunguko, ikifika hesabu uliyoagiza pampu inazimwa. Pampu ikichoka mashine itakaa inakoroma muda mrefu lakini kikombe kitajaa, au itakata tamaa na kukuwashia taa ya maji. Kwake yeye mashine haijalalamika, maana yake maji yalipita pale yote na yakahesabiwa, ila njiani yamechepuka. Tafuta wapi yanachepuka.

#4 bisibisi_bapa
Sawa profesa. Yangu ilikuwa na dalili hizohizo na nikabadilisha pampu ikapona.

#5 mzee_wa_mita
Na ulipoifungua kubadilisha pampu hukugusa kingine chochote?

#6 bisibisi_bapa
Niliisafisha safisha humo ndani na kubadili vimpira vilivyokuwa vimechakaa. Kwani?

#7 mzee_wa_mita
Basi tu.

#8 dada_espreso
😂😂 #6 umejiponza mwenyewe.
Mleta uzi, swali dogo. Yuniti ya kupikia unaiosha kila baada ya muda gani?

#9 kikombe_kimoja
Yuniti ipi?

#10 dada_espreso
Ee Mola. Ile inayochomoka. Ubavuni au nyuma kuna mlango, ukiufungua unaona dude la plastiki lina mkono au vitufe viwili vya kubana, ndo linalopokea kahawa iliyosagwa, linaikandamiza, linapitisha maji, linatupa machicha. Linatoka zima zima mkononi.

#11 kikombe_kimoja
Dada mi nilijua ule mlango ni wa fundi

#12 ukoko_wa_birika
Miaka minne jamani 😭 huyo hanywi kahawa anakunywa historia

#13 dada_espreso
Usimcheke, wengi wako hivyo. Zima mashine kwa kitufe chake kwanza, usichomoe plagi katikati ya kazi, inapozimwa kawaida ndo yuniti inarudi kwenye nafasi yake ya kupumzika na hapo tu inakubali kutoka. Ikigoma usiivute kwa nguvu, washa tena uzime tena. Halafu ndo chomoa plagi. Osha kwa maji vuguvugu ya bomba, bila sabuni, na usiiweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo, itakula grisi yote na plastiki inaweza kujikunja. Acha ikauke kabisa. Na kwenye lile pango ilipokuwa imekaa, toa unga wa kahawa kwa brashi kavu.

(Kuna mashine ambazo yuniti haitoki, hizo zina vidonge vyake vya kusafishia. Ila kama una mlango basi yako inatoka.)

#14 kikombe_kimoja
Nimefungua. Siweki picha maana kuna watu wanakula. Kuna manyoya. Ya kijani na meupe. Unga wa kahawa umeganda mpaka nimeutoa kwa mpini wa kijiko. Kichujio cha juu kilikuwa cheusi tii, nilijua ni rangi yake, kumbe ni chuma.

#15 ukoko_wa_birika
😂😂😂 kumbe ni chuma

#16 povu_limegoma
Samahani naingilia, yangu kahawa inatoka poa ila maziwa hayatoi povu, yanatoka moto tu kama ya mgonjwa. Shida nini?

#17 fundi_mpole
Nimeusoma uzi tangu juu. Kikombe_kimoja, kwenye hiyo yuniti angalia oringi, ule mpira wa mviringo unaozunguka pistoni. Utakuta mmoja au miwili kutegemea mashine. Pistoni inapokandamiza kahawa, ule mpira ndo unazuia maji yasipenye pembeni. Ukikauka au ukikatika maji hayaoni haja ya kuhangaika kupita kwenye kahawa iliyoshindiliwa, yanapita pembeni yanadondoka chini, na chini ya yuniti ni trei. Nusu kikombe, kahawa nyepesi, machicha uji, trei imejaa, yote hayo ni mpira mmoja. Nimeshaona nyingi za hivyo.

#18 mzee_wa_mita
Naafiki nusu. Kuna njia ya pili. Mashine nyingi zina vali ya kutolea presha, kahawa ikiisha vali inafunguka, presha iliyobaki inaenda kwenye trei, ndo ile "pshhh" unayoisikia mwishoni. Kipande cha ukoko wa chokaa kikikaa mdomoni mwa hiyo vali haifungi, kwahiyo wakati wa kupika nusu ya maji inakimbilia huko. Dalili ni zilezile kabisa. Na huyu katoa chokaa mara mbili wiki moja halafu tatizo LIKAZIDI, hilo mmelipita. Asidi inabandua ukoko vipande vipande, kipande kikisafiri kikafika kwenye vali kinakaa hapo.

#19 kikombe_kimoja
Mzee umenitisha. Nilitumia unga wa asidi ya sitriki, ule wa kwenye mapishi, kwenye maji ya moto ili uyeyuke haraka.

#20 ukoko_wa_birika
Ya moto?? Hapo ndo uliharibu. Asidi ya sitriki ikikutana na chokaa inatengeneza kalsiamu sitreti, na hiyo kitu ni ya ajabu, nyingine ukizipasha zinayeyuka zaidi, hii ukiipasha inayeyuka KIDOGO zaidi. Kwahiyo ukitumia moto na chokaa ni nyingi inaweza kuganda unga mweupe humohumo ndani ya vibomba. Unatoa ukoko mmoja unapanda mwingine. Sitriki ni ya maji baridi. Kwa mashine ambayo inapasha yenyewe wakati wa kutoa chokaa tumia dawa yenye asidi ya laktiki au sulfamiki.

#21 siki_ni_siki
Mbona sisi wengine tunatumia siki miaka yote na hamna kilichotokea

#22 ukoko_wa_birika
Harufu je?

#23 siki_ni_siki
Harufu unazoea

#24 dada_espreso
😂 Siki ni asidi dhaifu ukiipima na hizo zingine, inachukua muda, na ile harufu inakaa kwenye mipira. Ukipenda achari kwenye kahawa ni wewe.
Ila @ukoko_wa_birika usimkatishe tamaa, watu kibao wanatumia sitriki na mashine zao zipo. Ikiwa chokaa ni kidogo na umesuuza vizuri hamna neno.

#25 ukoko_wa_birika
Sijasema mashine inakufa, nimesema inaweza kuganda. Hata hivyo huyo alikuwa anatoa chokaa kutibu ugonjwa wa mafuta. Watu mnachanganya haya mambo mawili kila siku. Chokaa inatoka kwenye maji, inakaa kwenye hita na vibomba, inatolewa na asidi, utaona inatoa vipovu, ni kaboni dioksaidi hiyo. Mafuta yanatoka kwenye kahawa yenyewe, yanakaa kwenye kichujio na yuniti na mdomo wa kutolea, na asidi haiyafanyi kitu, hayo yanatolewa na vile vidonge vya kusafishia ambavyo ni alkali. Ile nyeusi tii ya #14 ungeipigia asidi mpaka kesho.

#26 kinu_cha_mawe
Mimi niliweka kidonge cha mafuta kwenye tangi la maji, nikijua ndo pake. Povu lilitoka mpaka kwenye bomba la mvuke. Sitaki kuzungumzia.

#27 povu_limegoma
Povu mnalo nyie mimi sina. Jamani swali langu la #16

#28 kinu_cha_mawe
Alafu mbona hamna anayetaja saga? Mleta uzi umeweka saga namba ngapi? Ukisaga laini sana kahawa inashikana kama udongo wa mfinyanzi, pampu inasukuma, maji hayapiti, presha inapanda mpaka inatafuta penye udhaifu. Mimi yangu oringi ilikuwa nzima lakini ilikuwa inavuja mpaka nikalegeza saga hatua mbili, ikaacha. Hizi pampu zimeandikwa bar 15 (bar ni kipimo cha presha) na kahawa inahitaji kama 9 tu, fikiria hizo zilizobaki zinaenda wapi.

#29 mzee_wa_mita
Haziendi popote, 15 ni uwezo wa pampu maji yakiwa yamezibwa kabisa, sio presha inayofanya kazi. Ila hoja ya saga naipokea.

#30 bisibisi_bapa
Hizo 9 zilitoka wapi kwani, tangu mwanzo ni 9?

#31 dada_espreso
Hapana. Mashine za kwanza zilikuwa za mvuke, Luigi Bezzera wa Milan mwaka 1901 na hataza yake, presha ilikuwa ndogo, kama bar moja na nusu tu, na hamna krema, lile povu la juu ya espreso.

#32 ukoko_wa_birika
Krema alileta huyohuyo Bezzera akiwa na pampu ya umeme

#33 dada_espreso
Siyo. Krema ni Achille Gaggia, hapohapo Milan, mashine za mkono wa kuvuta na springi, baada ya vita kuu ya pili. Pampu ya umeme ikaja kuvuma na mashine ya Faema E61, mwaka 1961, na hiyo E ni ya kupatwa kwa jua (eclissi kwa Kiitaliano) kulikotokea mwaka huo. Turudi kwenye mada.

#34 ukoko_wa_birika
Nimekaa chini 🙏

#35 mzee_wa_mita
Mleta uzi kabla hujanunua chochote fanya kipimo. Mwaga trei, ifute ikauke. Washa mashine, isubiri isuuze, maana ile suuza ya kuwasha nayo inaingia trei, mwaga tena. Sasa toa maji ya moto tu kwenye bomba lake, ml 200, pima. Halafu agiza kahawa, pima tangi limepungua kiasi gani, kikombe kina kiasi gani, trei ina kiasi gani. Leta namba hapa tuache ramli.

#36 kikombe_kimoja
Nimepima kwa mizani ya jikoni. Maji ya moto: niliagiza 200 nikapata 196. Kahawa: tangi limepungua 130, kikombe 62, trei 50. Hizo 18 sijui ziko wapi.

#37 mzee_wa_mita
Zimenywewa na machicha, hiyo ni kawaida. Safi sana. Kwahiyo pampu nzima, mita (kile kidude cha kuhesabu maji) nzima, hita nzima. @bisibisi_bapa pumzika kwa amani. Maji 50 yanapotelea kati ya vali na yuniti.

#38 bisibisi_bapa
Maji ya moto hayana presha. Pampu inaweza kupitisha maji matupu ikashindwa kusukuma kwenye kahawa. Sijapumzika.

#39 fundi_mpole
#38 kuna ukweli hapo kidogo, lakini ikishindwa kusukuma na mita haizunguki, na tangi lake limepungua 130. Mimi nabaki na oringi. Itoe kwa kijiti cha mbao usiikwaruze, ikunje kwa vidole uone kama ina nyufa, na ukipapasa upande mmoja umekuwa bapa badala ya mviringo basi imekwisha hata kama haijakatika. Ukiweka mpya paka grisi ya silikoni ya daraja la chakula, kidogo kama unajipaka mafuta ya mdomo.

#40 siki_ni_siki
Mafuta ya mgando je? Mi ndo napaka

#41 fundi_mpole
Usithubutu. Ni ya petroli hayo, mipira mingi ya humo ni EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa, na EPDM na petroli haviivi, unavimba unalegea. Ya kupikia nayo hapana, yanaoza yanakuwa gundi.

#42 kinu_cha_mawe
Na grisi ya silikoni kwenye oringi ya silikoni nayo inavimbisha, nimewahi kuelezwa na mtu wa mipira. Kwahiyo inategemea oringi yako ni ya nini.

#43 fundi_mpole
Kwenye karatasi ndivyo, silikoni huvimba kwa mafuta ya silikoni. Ila watengenezaji wenyewe wanakupa grisi hiyohiyo kwenye kipaketi na wanakwambia paka. Napaka kidogo sana, nabadili oringi zikichoka, maisha yanaenda.

#44 dada_espreso
Jambo moja kabla hajachokonoa vali. Kuifikia inabidi ufungue kava. Ndani kuna hita yenye wati elfu moja na zaidi, inabaki ya moto muda mrefu baada ya kuzimwa, na kuna waya za umeme wa ukutani. Plagi nje, subiri ipoe, kama hujawahi kushika umeme mpe anayejua. Pia kuna fyuzi ya joto kwenye hita, ukiichomoa chomoa ovyo utaanzisha uzi mwingine.

#45 kikombe_kimoja
Shemeji yangu ni fundi umeme, anakuja jioni.

*(baada ya siku mbili)*

#46 kikombe_kimoja
Wakuu mrejesho. Kwanza kava, kulikuwa na skrubu mbili zina kichwa cha umbo la yai ambazo hakuna bisibisi duniani inaingia, shemeji akachonga kichupa cha plastiki cha kalamu, akakipasha, akakikandamiza, ikafunguka. Vali tulipoifungua kulikuwa na kipande cheupe kama ganda la yai, kidogo kuliko punje ya mchele. Oringi ya yuniti ilikuwa bapa upande mmoja kama alivyosema fundi_mpole na ina ufa. Tukaweka mpya, tukapaka grisi, tukasafisha vali, na nikalegeza saga hatua mbili wakati inasaga kama kitabu chake kinavyosema. Leo: tangi 130, kikombe 108, trei 5. Machicha biskuti. Asanteni sana.

#47 mzee_wa_mita
Vali. Nilisema.

#48 fundi_mpole
Oringi ilikuwa na ufa mzee wangu, ufa.

#49 kinu_cha_mawe
Na saga kalegeza hatua mbili, zilezile mbili zangu. Mi simo.

#50 ukoko_wa_birika
Kipande cheupe kilitoka wapi? Sitriki ya moto. Asante.

#51 mzee_wa_mita
Kinaweza kuwa ukoko wa zamani uliobanduka, si lazima kiwe sitreti. Ungekiweka kwenye siki ukaona kinachemka au hakichemki. Kipo?

#52 kikombe_kimoja
Shemeji alikipuliza.

#53 bisibisi_bapa
Mlipofungua hamkugusa gugusa na pampu kweli?

#54 kikombe_kimoja
Tuliitoa kidogo ili tufikie vali

#55 bisibisi_bapa
Basi tu.

#56 dada_espreso
😂😂😂 kamrudishia mzee ya #7
Kikombe_kimoja sasa kila wiki yuniti bombani, usisubiri manyoya. Ukisafiri itoe uiache nje ikauke na mlango wazi, tangi tupu. Na ile taa ya chokaa usiiamini kama daktari, inahesabu tu lita zilizopita na ule ugumu wa maji uliouweka kwenye mipangilio, haijui ndani kukoje. Kama hukuwahi kupima maji yako na kuweka namba yake inakisia tu.

#57 siki_ni_siki
Si atumie maji yaliyotoneshwa (distilled) tu, chokaa sifuri

#58 mzee_wa_mita
Kuna mashine zinajua maji yapo kwa sababu maji yanapitisha umeme. Hayo hayapitishi, itakwambia tangi tupu na wewe unalitazama limejaa. Na kahawa yake imepooza.

#59 siki_ni_siki
Nyie hamna jema

#60 povu_limegoma
Wakuu nimesubiri siku mbili kwa adabu. MAZIWA.

#61 dada_espreso
Pole ndugu, tulijisahau. Povu ni hewa. Kwenye kile kichwa cha maziwa kuna kitundu kidogo sana cha kuvutia hewa, maziwa yakikaukia hapo kinaziba, maziwa yanapata moto ila hewa hayapati. Fungua kichwa chote vipande vipande, loweka maji ya moto na dawa ya kuondolea mabaki ya maziwa, pitisha sindano polepole kwenye kitundu. Na mrija wa kunyonyea angalia kama haujapasuka. Hiyo sehemu ni ya kuosha kila siku, maziwa hayasubiri wiki.

#62 povu_limegoma
Kitundu kipo chini ya kipira cheusi? Mi kile kipira nilikitoa mwaka jana nikajua ni cha kufungia wakati wa kusafirisha

#63 ukoko_wa_birika
Huu uzi una watu 😭

#64 mzee_wa_mita
Kikombe_kimoja nina ombi. Umefanya vitu vitatu usiku mmoja, hapa hatutajua kamwe kilichoponya. Rudisha ile oringi ya zamani siku moja tu, upime tena. Kikombe kikibaki 108 ni vali, kikishuka fundi_mpole nitampa heshima yake hadharani.

#65 fundi_mpole
Nipo tayari. Rudisha.

#66 kikombe_kimoja
Oringi ya zamani mwanangu keshamvalisha mwanasesere, anasema ni bangili. Nimejaribu kuichukua amelia hadi mama yake kaniangalia vibaya.

#67 mzee_wa_mita
Ilikuwa vali.